Njia za Miguu na Uzio katika Mashamba ya Mifugo: Wajibu wa Chama na Wanachama

Ni mara chache mgogoro wa njia kuletwa katika ofisi ya chama cha msingi kwa jina lake. Aghalabu huletwa kwa sura ya jambo jingine. Mwanachama mmoja hulalamika kwamba maziwa yake yamekataliwa kituoni. Mwingine huulizwa kwa nini ng'ombe wake hawakufikishwa joshoni kwa majuma matatu. Wa tatu hudai fidia ya ndama aliyepotea usiku kwa sababu lango liliachwa wazi. Katibu akichunguza kwa makini ndipo hugundua kwamba chanzo cha yote ni kimoja: mahali fulani njia imezibwa, au uzio umefunguliwa.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza makatibu na wanachama namna njia za miguu na uzio zinavyoweza kukaa pamoja katika ardhi ya mifugo, sheria inavyosema, na wapi madaraka ya chama yanapoanza na kukoma. Jambo lenyewe laweza kusemwa kwa maneno machache: njia ipatanwe, ipimwe na iandikwe kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.

MFANO WA KITUO KIMOJA

Tuchukue mfano wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, chenye kituo cha kukusanyia maziwa kando ya barabara ya kijiji. Wanachama 40 wanakaa upande wa pili wa bonde. Tangu kituo kilipojengwa wamekuwa wakipita katikati ya shamba la mwanachama mwenzao, kwa njia ya miguu yenye urefu wa mita 300. Mwenye shamba huyo amenunua mitamba wawili chotara kwa mkopo. Afisa mifugo amemshauri atenge malisho yake na asichanganye ng'ombe wake na wa watu wengine, kwa kuwa kupe wa ng'ombe wageni huleta ndigana kali. Ushauri huo ni mwema. Basi anachimbia nguzo, anavuta seng'enge mistari minne, na kufikia siku ya nne njia imefungwa.

Wenzake sasa hawana budi kuzunguka. Mzunguko huo unaongeza kilometa moja kwenda na kilometa moja kurudi. Maziwa hupelekwa asubuhi na jioni. Kwa hiyo kila mwanachama ameongezewa kilometa 4 kwa siku, na wote 40 kwa jumla wameongezewa kilometa 160 kwa siku. Maziwa yasiyopozwa hayavumilii safari ndefu, kwani vijidudu vilivyomo huongezeka upesi kadiri jua linavyopanda. Maziwa ya waliochelewa huganda yanapopimwa kwa spiriti, nayo hurudishwa nyumbani. Mwenye maziwa amekosa fedha, na chama kimekosa ushuru wake.

Sasa na tutazame ardhi inayogombewa. Njia yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 300 ina eneo la mita za mraba 600. Eneo hilo halifikii sehemu moja ya sita ya ekari. Ni vema Katibu aziweke hesabu hizi mbili mezani mapema, kwa maana watu hugombea njia kana kwamba wanagombea shamba zima.

Wakikutanishwa, mama mmoja mzee anasema, "Mwanangu, mimi nimepita hapa tangu kabla ya kituo kujengwa. Leo nizunguke na ndoo kichwani kwa kosa gani?" Mwenye shamba anajibu, "Mama, sikukufungia wewe. Nimefunga kwa ajili ya ng'ombe. Mtamba akifa kwa ndigana, mkopo utalipwa na nani?"

Wote wawili wanasema kweli. Katika migogoro mingi ya namna hii hakuna mwongo wala mwizi. Pana haki mbili ambazo hazikupimwa wala kupangwa pamoja.

CHANZO CHA MIGOGORO

Njia nyingi za miguu katika vijiji vyetu hazikuanzishwa kwa azimio la mtu yeyote. Zilichorwa na nyayo za watu waendao kisimani, shuleni, kanisani, msikitini, sokoni na joshoni. Wakati ardhi ilipokuwa kubwa na watu wachache, njia ikiharibika watu walihamia pembeni na hakuna aliyeuliza. Kisha ilikuja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, na watu wengi walihamishwa kutoka makazi yao ya asili. Njia mpya zikakanyagwa juu ya ardhi ambayo baadaye iligawanywa kuwa mashamba ya watu. Mwenye shamba wa leo huenda ameirithi ardhi pamoja na njia, lakini hakuna karatasi inayosema hivyo.

Kadhalika ufugaji nao umebadilika. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa ni mali ya gharama kubwa, naye hawezi kuachwa akirandaranda. Uzio kwa hiyo si dalili ya uchoyo, bali ni sehemu ya ufugaji bora. Tena si jambo geni kabisa. Katika vihamba vya Kilimanjaro mstari wa masale umekuwa alama ya mpaka tangu zamani. Katika Usukuma wafugaji wana desturi ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yake yatumike wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo, na ngitili nyingi zikastawi upya. Jambo la kujifunza ni kwamba ngitili hudumu pale tu ambapo jamii nzima inajua mipaka yake, miezi ya kuifunga na miezi ya kuifungua. Mpaka usiojulikana na majirani hauna mlinzi.

AINA TATU ZA NJIA

Chanzo kikubwa cha ubishi ni kutumia neno moja, "njia", kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Katibu anapopokea malalamiko na aulize kwanza: ni njia ya nini?

Ya kwanza ni njia ya miguu. Hii ni ya watu, na mizigo wanayoibeba au kuisukuma kwa baiskeli. Upana wa mita 2 huwatosha watu wawili wenye mizigo kupishana.

Ya pili ni njia ya mifugo, ambayo sehemu nyingi huitwa palio. Hii hupeleka makundi joshoni, majini, malishoni au mnadani. Upana wake hutegemea wingi wa mifugo ipitayo. Palio likifanywa jembamba, mifugo huingia katika mazao ya pande zote mbili, na ugomvi huwa mkubwa kuliko ule uliokusudiwa kuzuiwa.

Ya tatu ni njia ya gari, kama ile iendayo kwenye ghala au kituo cha maziwa. Hii yahitaji mahali pa kugeuzia na mifereji ya maji.

Tofauti hii ina faida kubwa. Katika mfano wetu, afisa mifugo hakumwonya mfugaji juu ya watu. Alimwonya juu ya ng'ombe wageni na kupe wao. Majirani nao hawakudai kupitisha ng'ombe. Walidai kupita wenyewe na ndoo zao. Pande zote mbili zilikuwa zikigombana juu ya "njia" huku kila upande ukiwa na njia yake kichwani. Njia ya miguu isiyopitisha mifugo ingewaridhisha wote. Ila yafaa ikumbukwe kwamba ukizuka ugonjwa kama ule wa miguu na midomo, maagizo ya daktari wa mifugo wa wilaya ndiyo yatakayofuatwa, hata kwa watu wapitao.

SHERIA INAVYOSEMA

Sheria mbili za mwaka 1999 ndizo msingi: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Sheria ya Ardhi inatambua haki ya njia ya umma, na pia haki ya mtu kupita katika ardhi ya jirani yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote. Aidha, sheria hiyo inaruhusu wafugaji na wakulima kufanya mapatano ya kutumia ardhi moja kwa pamoja, na vijiji jirani kupatana juu ya ardhi wanayoitumia kwa ushirika.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kutengeneza mpango wake. Mpango huo hutayarishwa na Halmashauri ya Kijiji na hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hapo ndipo mahali panapofaa zaidi kuonyesha njia za miguu, mapalio, visima na majosho. Kisha ipo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, inayohusu utunzaji wa malisho yenyewe.

Mfano mmoja wa kutazamwa uko wilayani Kiteto, Mkoa wa Manyara. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipatana katika miaka ya 2010 kupanga kwa pamoja matumizi ya malisho yaliyopakana, na eneo hilo likapewa jina la OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe. Vijiji hivyo havikungoja kila mfugaji atafute njia yake. Kwa kuwa mifugo yao hunywa maji na kula majani katika vijiji vyote vitatu, walikubaliana kwanza juu ya eneo la pamoja, kisha mipango mingine ikafuata.

Mwanachama anayeomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila na ashauriwe kuhakikisha kwamba njia ipitayo shambani mwake imeonyeshwa wakati wa kupima. Akiificha, atajiletea kesi baadaye. Akiionyesha, hata yeye mwenyewe amelindwa, kwa kuwa wapitao hawataweza kuipanua kupita kiasi kilichoandikwa.

MIPAKA YA MADARAKA YA CHAMA

Chama cha ushirika si serikali ya kijiji, wala si mahakama. Bodi ya Chama haina uwezo wa kumwamuru mtu afungue njia katika ardhi yake, wala kuifunga njia itumiwayo na umma. Bodi ikitoa amri ya namna hiyo, imevuka mpaka wake na huenda ikakiingiza chama katika daawa. Vilevile haifai kuyazuia malipo ya maziwa ya mwanachama kwa sababu tu amegombana na wenzake juu ya uzio. Fedha za maziwa ni haki yake aliyokwisha kuipata.

Hata hivyo chama kina mambo matatu ya kufanya ambayo hakuna mwingine awezaye kuyafanya vizuri zaidi.

(a) Kuhakikisha kwamba mali zake chenyewe, yaani kituo, josho, ghala na kisima, zina njia iliyoandikwa. Ni kasoro kubwa chama kuwa na hati ya kiwanja cha josho, lakini kukosa hata ukurasa mmoja unaoonyesha ng'ombe watafikaje hapo. Josho lisilo na njia ni shimo la maji tu.

(b) Kuwakutanisha wanachama kabla hawajafika barazani. Wanachama wanajuana, wanagawana faida na hasara, na humsikiliza Katibu wao kuliko mgeni.

(c) Kutunza kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Njia nayo ni mali, ingawa haina bei sokoni.

KABLA YA KUCHIMBIA NGUZO

Mwanachama anayekusudia kujenga uzio na aombwe kuijulisha Bodi mapema, hasa iwapo shamba lake limepakana na mali ya chama. Hatua zifuatazo zimeonekana kufaa:

1. Mwenye shamba, majirani wa mipaka yote na wapitao waitwe shambani kwenyewe, wala si ofisini. Ofisini kila mtu hueleza njia aliyo nayo kichwani. Shambani wote huiona ileile.

2. Waitwe pia wale wanaoitumia njia zaidi. Mara nyingi hao ni akina mama wabebao maji na majani ya ng'ombe, na watoto wa shule. Kikao cha wazee wa kiume peke yao huweza kuihamishia njia mahali ambapo mwenye mzigo kichwani hawezi kupita.

3. Mtendaji wa Kijiji, au mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, awepo.

4. Njia ipimwe kwa utepe. Urefu, upana, mwanzo na mwisho wake viandikwe. Alama zichaguliwe zile zisizohama upesi, kama jiwe kubwa, daraja au nguzo ya zege. Mti waweza kukatwa.

5. Ichorwe ramani ndogo kwa mkono. Haihitaji ufundi, ilmradi ionyeshe mipaka, njia, malango na upande wa kaskazini.

6. Yaandikwe mapatano, yasainiwe na wote, na nakala ziwekwe mahali patatu: kwa mwenye shamba, katika jalada la chama na katika ofisi ya kijiji.

Maneno ya mapatano yasiwe mengi. Mfano wake ni huu:

"Tumekubaliana kwamba njia ya miguu kutoka jiwe la mpaka wa mashariki hadi darajani karibu na kituo cha maziwa, yenye urefu wa mita 380 na upana wa mita 2, itakuwa wazi kwa watu wote siku zote. Njia hii haitapitisha mifugo. Uzio utatunzwa na mwenye shamba. Majani ya njiani yatafyekwa na wapitao kila baada ya miezi mitatu. Njia ya zamani haitafungwa kabla hii haijawa tayari. Shamba likiuzwa au kurithiwa, mapatano haya yataonyeshwa kwa mmiliki mpya."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Migogoro mingi hufufuka pale mwenye shamba wa kwanza anapofariki au kuuza, na aliyekuja nyuma akasema hakuambiwa.

NAMNA TATU ZA KUPITISHA NJIA

Njia na malisho huweza kupangwa kwa namna tatu. Kila moja ina gharama yake.

Namna ya kwanza ni kuiacha njia ilipo, ndani ya malisho, na kuweka lango kila mwisho. Hii ndiyo rahisi, kwani gharama yake ni malango mawili tu. Hufaa ikiwa ng'ombe ni wapole na wapitao si wengi. Haifai kabisa ikiwa fahali analisha humo, na hata ng'ombe jike aliyezaa karibuni huweza kumshambulia mtu kwa kumlinda ndama wake. Lango lenyewe litengenezwe ili lijifunge: bawaba zake ziwekwe kwa kuinama kidogo, au lining'inizwe jiwe kwa kamba ili uzito wake uliburure lirudi mahali pake. Baadhi ya wafugaji huweka kipenyo, yaani nguzo zinazopishana ili mtu apite kwa kujigeuza huku ng'ombe akishindwa. Kipenyo ni kizuri kwa mtu mtupu. Mwenye mzigo wa majani, mwenye baiskeli, mzee na mlemavu hawakiwezi. Kwa njia ya kwenda kituoni lango ndilo bora.

Namna ya pili ni kuijengea njia uzio pande zote mbili. Kwa njia ya mita 300 huo ni uzio wa mita 600. Ikiwa mistari ni minne, utahitajika waya wa mita 2,400, na nguzo zikiachana mita 3, zitahitajika nguzo 202. Isitoshe, malisho yamegawanyika vipande viwili, na kila kipande chahitaji maji au lango la kuvushia ng'ombe. Namna hii ni salama kwa wote, lakini wachache ndio wanaoweza kuilipia.

Namna ya tatu ni kuihamishia njia pembezoni mwa shamba. Mwenye shamba hujenga uzio wake mita 2 ndani ya mpaka, na ukanda uliobaki nje ndio njia. Hahitaji uzio wa ziada, kwa sababu uzio wa mpakani alikuwa aujenge kwa vyovyote. Wapitao nao hawagusi lango wala hawakutani na ng'ombe. Sharti lake ni kwamba njia mpya iwe kavu, isiwe na mwinuko mkali, na isirefuke kupita kiasi.

Katika mfano wetu, tuseme njia ya pembezoni ina urefu wa mita 380 badala ya 300. Kwa safari nne za siku, yaani mbili za kwenda na mbili za kurudi, kila mwanachama ameongezewa mita 320. Wote 40 wameongezewa kilometa 12.8 kwa siku mahali pa zile kilometa 160. Mwenye shamba naye ametoa mita za mraba 760, eneo lisilofikia sehemu moja ya tano ya ekari, na mitamba wake wametengwa kama alivyoshauriwa. Ni haki wapitao wamsaidie kwa nguvu kazi siku ya kufyeka na kusawazisha, kwani ametoa kitu.

Kuhusu uzio wenyewe, mambo mawili yazingatiwe. Seng'enge ifungwe upande wa ndani wa nguzo, ili miiba yake isichane nguo na ngozi za wapitao. Na ikiwa ua ni wa miti, upandwe ndani ya mpaka kwa kiasi cha kutosha, kwa maana ua hunenepa kila mwaka na baada ya muda huila njia. Minyaa ni ua mzuri na wa bei nafuu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho; haifai kuipanda mahali ambapo watoto wa shule wanapita wakiigusa.

WAJIBU WA WAPITAO

Haki ya kupita haimwachii mpitaji huru kufanya apendavyo. Anayepita katika ardhi ya mwenzake hana budi kulifunga lango alilolifungua, hata kama alilikuta wazi. Na akiwa na shaka, amuulize mwenye shamba. Asipitishe mbuzi wala ng'ombe katika njia ya miguu kwa hoja kwamba "ni mmoja tu." Asikate njia ya mkato wakati wa matope, kwa maana njia moja ikizaa tatu ndipo mwenye shamba anapokata tamaa na kufunga zote. Asiokote kuni, asikate majani, wala asimwachie mbwa wake awafukuze ndama.

Mwenye shamba naye asiruhusu njia ife polepole kwa hila: leo tawi la miiba, kesho kichuguu cha samadi, kesho kutwa mtaro. Njia iliyozibwa kidogo kidogo imezibwa.

MGOGORO UKISHATOKEA

Pengine Katibu hupata habari wakati waya umekwisha kuvutwa na watu wamekwisha kutukanana. Hapo jambo la kwanza ni kuwazuia wanachama wasichukue sheria mikononi mwao. Kuukata uzio wa mtu ni kuharibu mali, na ni kosa la jinai, hata kama uzio huo ulijengwa mahali pasipostahili. Mwenye haki ya njia akishika koleo ya kukatia waya, yeye ndiye atakayekuwa mshtakiwa.

Jambo la pili ni kuomba nafasi ya muda. Mwenye shamba aombwe kulegeza mistari miwili ya waya mahali pamoja kwa saa za kupeleka maziwa, hadi kikao kifanyike, na iandikwe kwamba kufanya hivyo si kukiri kosa. Watu wengi hukubali wakiona kwamba hawanaswi kwa wema wao.

Jambo la tatu ni kukusanya ukweli: njia imetumika tangu lini, na nani, kwa shughuli gani, na ipo njia gani nyingine. Wazee wa pande zote mbili waandikwe majina na maelezo yao.

Usuluhishi wa chama ukishindikana, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na kati yao watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Hakuna anayelazimishwa kukubali usuluhishi wake. Baada ya hapo lipo Baraza la Kata. Makatibu wanaotumia vitabu vya zamani na waangalie hapa: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Nalo husuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana hutoa cheti cha kueleza hivyo. Zikipita siku 30 bila suluhu, mwenye malalamiko aweza kuendelea mbele, katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko shauri husikilizwa na kuamuliwa.

Mwanachama na aelezwe mapema gharama ya safari hiyo: nauli, siku za kazi zilizopotea, mashahidi wa kulisha, na pengine wakili. Atakayeshinda atarudi kijijini kuishi na aliyeshindwa, na wote wawili watakutana tena kesho yake asubuhi kwenye foleni ya kituo cha maziwa.

LA KUFANYA SASA

Chama kisingoje mgogoro. Katika mkutano wa Bodi unaofuata, Katibu aweza kuleta ajenda moja: orodha ya njia zote zinazofika kwenye kituo, josho, ghala na kisima cha chama. Mbele ya kila njia iandikwe inapita katika shamba la nani, ina upana gani, na je, yapo mapatano ya maandishi. Pale ambapo jibu ni "hapana", hapo pawekwe alama, na siku ya kwenda shambani ipangwe ukiwa bado ni wakati wa kiangazi, kabla wafugaji hawajaanza kununua waya.

Kazi hiyo ni ya asubuhi chache na daftari moja. Yule mama mzee atafika kituoni kabla jua halijawa kali, na mitamba wa jirani yake watabaki ndani ya ua wao.